Mstari wa Mama Ketrina

Jumapili, 1 Juni

Sijui kuweka vitufe kwenye jedwali. Naliandika hili kwanza kwa sababu leo nimewaambia watu wawili kwamba najua, na ukweli sijamwambia yeyote ila wewe unayesoma, ambaye hata sikufahamu.

Ilikuwa baada ya ibada. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kahawa, Baba Danieli, alinisimamisha mlangoni pa kanisa. Alikuwa na Mzee Anania, katibu wa zamu.

"Tusekile, si umemaliza kidato cha sita? Kompyuta mlisoma?"

Watu wakageuka. Mimi nikitazamwa na watu zaidi ya watatu, mdomo wangu hujibu haraka ili waache kunitazama. Nikasema tulisoma.

"Basi vile vitufe vya kurekebishia majina, unaweza kuviweka?"

Nikasema naweza.

Shuleni tulikuwa na kompyuta kumi na moja, zilizowaka ni nne. Nilijifunza kuchora jedwali kwenye ukurasa wa mtandao. Kuchora tu.

Nieleze shida yenyewe. Kahawa mbivu ikishachumwa lazima ipite kwenye mashine ya kumenya siku ile ile. Ikilala na ganda lake inachacha. Mashine ya kikundi ni moja, iko bondeni karibu na mto, na nyumba zinazoitegemea ni arobaini na mbili. Kwa hiyo kuna zamu. Mwaka jana zamu ziliandikwa ubaoni kwa chaki, ukungu ukazilamba, na kina mama wawili wakamwagiana ndoo za kahawa mbele ya mchungaji. Mwaka huu dada yangu Brenda, mtoto wa mama mkubwa, anayefanya kazi kwenye ofisi ya makaratasi ya malori kule Tunduma, ametutengenezea ukurasa. Mwenye simu ya kupangusa anaona jedwali akiwa kwake: jina, siku, saa, ndoo ngapi. Asiye nayo anaulizia. Lakini jedwali linatazamwa tu, haliguswi. Kila kukiwa na kosa Mzee Anania anampigia Brenda, na Brenda ana malori.

Wenzangu wengi wameitwa jeshini kwa mafunzo. Jina langu halikuwamo kwenye orodha. Kwa hiyo nipo, na nimesema naweza.

Jumatatu, 2 Juni

Nimeshinda na Mzee Anania kwenye kibanda cha mashine. Ana kaunta buku nene lenye jalada la kitambaa, na penseli tatu zilizochongwa kwa kisu. Laptopu ya kikundi ameifunika kwa taulo, "isipate mafua."

Nilimuuliza kifutio kiko wapi.

"Sina, na sijawahi kuwa nacho. Mtu akikosewa, napiga mstari mmoja juu yake. Mmoja tu, mwembamba, asomeke. Pembeni naandika nani amesema atolewe na siku gani." Akanionyesha ukurasa wa miaka mingi nyuma, na kweli kila jina lililopigwa mstari lilisomeka. "Jina la mtu si tone la mchuzi mezani, mjukuu wangu, kwamba unapangusa na kwenda zako."

Nilitikisa kichwa kwa heshima. Moyoni nilisema: wazee.

Alhamisi, 5 Juni

Ukungu haukuondoka mpaka saa tano. Nimemaliza bando lote la mama nikitafuta namna ya kuweka vitufe.

Jumamosi, 7 Juni

Nilimpigia Brenda. Sikumwambia kwamba sijui. Nilimwambia nataka "kuhakikisha." Akacheka mpaka nikasikia mtu wa ofisini kwao akimuuliza kuna nini.

"Tuse, wewe unaongea kama unaiomba hewa radhi. Sema tu, unataka nini?"

Akanieleza upesi upesi, huku akimjibu dereva Mzambia kwa Kibemba. Mwisho aliniambia "natotela," ni asante yao, akakata. Nilikuwa nimeandika nusu ya maneno yake kwenye kiganja.

Jumanne, 10 Juni

Kitufe cha kwanza kimetokea! Kipo mwishoni mwa mstari wa kwanza, kimeandikwa Hariri. Ukikibonyeza hakifanyi chochote. Lakini kipo.

Jumatano, 11 Juni

Kinafanya kitu. Kinafunga ukurasa.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimefaulu, na sina wa kumwonyesha ila mama, ambaye alisema "hongera" bila kuinua uso kutoka kwenye mahindi.

Kila mstari sasa una vitufe viwili mwishoni. Ukibonyeza Hariri, mstari ule peke yake unafunguka na unaweza kuandika ndani yake, na vitufe vinageuka kuwa Hifadhi na Ghairi. Ukihifadhi, mabadiliko yanabaki. Ukighairi, mstari unarudi ulivyokuwa. Cha pili ni Futa, na mstari wote unaondoka.

Sikutaka kujaribu kwa majina ya watu. Nikatengeneza jedwali la kuku wa mama: Mwekundu, Kipara, Mchungaji (ana shingo nyeupe), Mama Mkubwa, na jogoo. Nimewahariri wote. Nimemfuta jogoo na kumrudisha. Hakuna kuku aliyepotea.

Jumatatu, 16 Juni

Mzee Anania amebonyeza Hariri kwa kidole cha shahada, kwa nguvu, kama anayegonga mlango wa wenye kelele. Mstari ukafunguka. Akaondoa mkono haraka.

"Sasa nikikosea?"

"Unabonyeza Ghairi, Babu."

Akabonyeza. Mstari ukarudi. Akafungua tena, akaghairi tena, mara saba. Kisha akaenda nje kumwita Gibson wa mashine aje aone, akaghairi mara ya nane.

Jumatano, 18 Juni

Tumechuma tangu asubuhi. Vidole vinanata.

Ijumaa, 20 Juni

Namwogopa Mama Ketrina. Ni jirani yetu ng'ambo ya kijito, anaishi peke yake tangu Ketrina aolewe upande wa Zambia. Yeye ni mmoja wa wale wawili wa ndoo za mwaka jana, na ndiye aliyependekeza sheria ya sasa: jina halimo, zamu hakuna, asibembelezwe mtu. Ana simu ndogo ya vitufe, basi kila asubuhi hupita kibandani kuuliza zamu yake.

Leo nilimsomea mimi.

"Sauti gani hiyo? Mtoto kama redio iliyobakiza betri moja! Rudia."

Nikarudia.

"Anania, huyu ndiye mlimpa mashine ya majina? Mbona jina lenyewe linamwogopesha?"

Mzee akasema, "Mwache. Wanaopiga kelele tunao wa kutosha, na mmoja amesimama hapa."

Mama Ketrina akacheka sana. Mimi sikucheka mpaka nilipofika nyumbani.

Jumanne, 24 Juni

Mama amenieleza habari za kahawa ya Mama Ketrina. Miaka mitatu iliyopita aling'oa miti yote ya zamani aliyoachiwa na marehemu mumewe, watu wakamcheka, akapanda miche mipya mwenyewe kwa jembe. Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza inazaa vizuri. Nimeitazama kutoka upande wetu. Ni mistari iliyonyooka kama ya daftari, na mekundu yamejaa.

Jumapili, 29 Juni

Baridi kali. Mchungaji alihubiri akiwa na koti.

Alhamisi, 3 Julai

Mzee Anania sasa anahariri bila kuniita. Ananiita tu ili nimwone akihariri.

Ijumaa, 4 Julai

Mama yake Osea amefariki leo alfajiri. Alikuwa bibi wa watu wengi hapa. Jioni tumekwenda kumchumia Osea kahawa yake, watu kama ishirini, kwa sababu aliyefiwa hachumi lakini mbivu hazingoji. Kesho tutamalizia na yeye atapishwa.

Kama si mtu wa huku, kupishwa ni hivi: nyumba yenye msiba inatangulia mbele ya wote kwenye mashine, hata kama zamu yake ilikuwa ya mwisho, ili wamalize wakamlilie mtu wao. Hakuna anayelipinga. Hata Mama Ketrina.

Jumamosi, 5 Julai

Naandika haya nikiwa bado nimevaa kanga ya msibani.

Asubuhi Mzee Anania alifungua jedwali la leo. Mama Ketrina alikuwa wa nne, Nikodemo wa tano, Osea wa tisa. Mama Ketrina alipopita kuuliza, Mzee akamwambia wa mbele atakuwa Osea, kwa hiyo yeye atasogea mpaka wa tano, saa kumi. "Apishwe," Mama Ketrina akasema. "Bibi yule alinifundisha kusuka ungo." Kisha Mzee akamhamishia Osea juu. Nilikuwapo, nilimwona akifanya vizuri kabisa. Muda huohuo Nikodemo akapiga simu kwamba leo hatachuma, atachimba kaburi, atolewe. Mzee akalitafuta jina lake, akalisoma kwa sauti, "Ni-ko-de-mo," akabonyeza Futa. Akafunika laptopu kwa taulo, tukaenda wote msibani.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa na kina mama kwenye masufuria. Mama Ketrina akaja kutoka bondeni, miguu imejaa tope la mtoni. Nilidhani atapiga kelele. Msibani hapigi mtu kelele, lakini nilidhani yeye ataweza. Akaenda moja kwa moja walipokaa wazee, akachuchumaa mbele ya Mzee Anania. Alizungumza chini sana, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yangu.

"Anania, umenifuta."

"Nimemfuta Nikodemo."

"Nikodemo yumo. Mimi simo."

"Sawa, nimekusikia, lakini nimemfuta Nikodemo, nimelisoma jina."

"Gibson amenionyesha kwenye simu yake. Nimesimama pale tangu saa kumi. Amenipigia simu yako mara nne."

Mzee akapapasa mfuko. Simu alikuwa ameizima kwa heshima ya msiba. Mimi yangu niliiacha nyumbani.

"Gibson hakukupa nafasi ya Nikodemo?"

"Sheria inasema anapewa anayefuata kwenye orodha. Sheria yangu mwenyewe." Akatazama mikono yake. "Nilisubiri wamalize wote. Walipomaliza, maji ya tangi yamekwisha, na mashine haimenyi bila maji."

Ndoo kumi na tatu. Na kesho ni Jumapili, mashine haiwashwi.

Mzee Anania alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. "Basi ni macho," akasema. "Mama, nisamehe. Ni macho haya."

Nilikuwa na mwiko mkononi. Mama akaniuliza kwa nini sikorogi.

Jumapili, 6 Julai

Sikwenda kumsikiliza mchungaji. Yaani mwili ulikwenda.

Mchana nilichukua laptopu kwa Mzee, nikasema nataka kuisafisha vumbi. Nikafungua jedwali la kuku. Nikamhamisha Mama Mkubwa kutoka mstari wa nne mpaka wa kwanza, kama aliyefiwa. Kisha nikabonyeza Futa kwenye mstari wa Kipara.

Kipara akabaki. Akatoweka Mwekundu.

Nimerudia mara sita. Ukihamisha mmoja, wengine wanashuka, lakini vitufe vyangu havishuki na watu wao. Kila kitufe kilikariri nafasi siku kilipowekwa: mimi ni wa tano, basi nafuta wa tano. Hakijui jina lililo ubavuni mwake. Mzee alibonyeza kitufe cha Nikodemo, kitufe kikaenda kumfuta aliyekaa nafasi ya tano, na nafasi ya tano alikuwa ameshukia Mama Ketrina, kwa kumpisha aliyefiwa.

Kuku hawapishani. Ndiyo maana sikuona. Nimezaliwa hapa, nimekwenda misiba tangu nabebwa mgongoni, na sikukumbuka kwamba watu wetu hupishana.

Macho ya Mzee hayana kosa. Ninalijua mimi peke yangu, na wewe.

Jumatatu, 7 Julai

Kahawa ya Mama Ketrina imekataliwa kwenye mashine, imechacha. Ameianika na maganda yake. Harufu inafika kwetu.

Matokeo yametoka. Daraja la pili. Mama amechinja jogoo.

Jumanne, 8 Julai

Nimepita kwa Mzee kumrudishia laptopu. Alikuwa amekaa juani na kitabu cha nyimbo za kanisani, anakishika mbali, anakileta karibu, anasoma kwa sauti. Alinisikia nikija.

"Ona, hapa nasoma vizuri tu."

Nilitazama. Alikuwa anausoma wimbo sahihi, lakini ukurasa aliofungua ulikuwa mwingine. Anauimba kwa kichwa.

Nilikuwa nimekuja kumwambia. Nikamsaidia kutwanga karanga badala yake.

Jumatano, 9 Julai

Nimempigia Brenda. Nilimuuliza kana kwamba ni swali la kawaida, itakuwaje mistari ikihama.

"Yaani vitufe vyako vinashika nafasi? Aa, Tuse! Kila mstari uwe na namba yake ya kuzaliwa, isiyobadilika. Kitufe kishike namba hiyo. Mtu akihama kiti kanisani, unamwita kwa jina la kiti?"

Nikasema hapana.

"Imeharibu kitu?"

Nikasema hapana tena. Nisamehe.

Nimerekebisha. Imechukua saa mbili. Kuku wanahama wanavyotaka, na kila mmoja anafutwa mwenyewe. Kosa la saa mbili tu.

Alhamisi, 10 Julai

Baba Danieli amepita nyumba hadi nyumba: mkutano Jumamosi saa nne, kwenye banda la mashine. Ajenda ni moja, katibu wa zamu. Kuna wanaosema apumzike. Hawasemi kwa ubaya, na hilo linanitesa zaidi. "Mzee wetu amechoka." "Macho yana umri wake."

Jioni Mzee alikuja kwetu. Amemletea mama viazi, na mimi amenipa penseli moja kati ya zile tatu.

"Jumamosi nitakabidhi kitabu mwenyewe, kabla hawajaniomba. Ni vizuri zaidi hivyo. Wewe endelea nao, mjukuu wangu, wewe macho yako ni mapya." Akaichukua ile penseli, akaitazama ncha, akanirudishia. "Jambo moja linanisumbua. Nililisoma lile jina. Nililiona kabisa, herufi kwa herufi. Kama niliona kitu ambacho hakipo, basi sijui nimekuwa nikiona nini miaka yote hii."

Mama akasema, "Usiseme hivyo, baba."

Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, Ni vitufe vyangu, Babu, na haikutoka. Nimekaa nayo mpaka akaondoka, na alipofika njiani akajikwaa kwenye jiwe ambalo kila siku analiruka.

Ijumaa, 11 Julai

Nilijaribu tena asubuhi. Nilifika mlangoni kwake. Mkewe akanipa chai, nikanywa, nikaaga.

Nikaenda kibandani. Hapakuwa na mtu, mashine huanza saa nane. Nikaifunua laptopu, nikafungua jedwali la Jumamosi iliyopita.

Kwanza nilimrudisha Mama Ketrina mahali pake, namba tano. Kisha nikaenda kwa Nikodemo, ambaye ndiye aliyeomba kutolewa. Sikumfuta. Nilitafuta namna ya kupiga mstari juu ya maandishi, ipo, ni rahisi kuliko vitufe vyote. Mstari mmoja, mwembamba. Nikodemo anasomeka.

Halafu nikaongeza safu moja upande wa kulia, kama pembeni mwa kaunta buku, nikaiita Maelezo. Nikabonyeza Hariri kwenye mstari wa Mama Ketrina. Nikaandika:

"Amefutwa kwa makosa tarehe 5 Julai. Mzee Anania alibonyeza jina sahihi, Nikodemo. Kitufe kilifuta jina lingine kwa sababu nilikiweka vibaya, na nilisema najua kuviweka wakati sijui. Macho ya Mzee hayana kosa. Aliyekosea ni Tusekile."

Chini ya maneno hayo kulikuwa na vitufe vyangu viwili, Hifadhi na Ghairi. Nilivitazama muda mrefu. Ukurasa ule unafunguliwa na nyumba zaidi ya thelathini. Mtu mmoja sikuweza kumwambia, na hawa wote walikuwa ndani ya kidole changu.

Gibson akapiga mluzi akishuka mtelemko na dumu la dizeli. Nikabonyeza Hifadhi kabla hajafika. Nikakimbia kwa njia ya mtoni.

Jumamosi, 12 Julai

Nitaandika yote.

Nilikaa nyuma kabisa, baada ya magunia. Watu walikuwa wameshasoma, nilijua kwa namna walivyoacha kuzungumza nilipopita. Aliyekuwa hajasoma ni Mzee Anania. Alikuja amevaa suti ya Pasaka, kaunta buku kwapani, akaliweka mezani kwa mikono miwili.

Baba Danieli akasema, "Mzee, kabla hujasema chochote, kuna maandishi hapa." Akasoma kutoka kwenye simu yake, polepole, mpaka neno la mwisho. Jina langu. Nilitazama kamba ya gunia.

Kisha Mzee akauliza, na hakumuuliza mwenyekiti.

"Tusekile yuko wapi?"

Ilibidi nisimame. Watu walikuwa zaidi ya sitini.

"Nilibonyeza Nikodemo?"

"Ulibonyeza Nikodemo, Babu."

"Hatujasikia huku mbele!" mtu akasema.

"ALIBONYEZA NIKODEMO!" Sijui ile sauti ilitoka wapi. Njiwa waliruka kwenye bati.

Mzee akakaa. Akavua miwani akaifuta kwa tai, akaifuta sana. Akamgeukia aliyekuwa kulia, "Umesikia? Nilibonyeza Nikodemo." Akamgeukia wa kushoto, "Nililisoma, si niliwaambia nililisoma?" Akasimama tena, akamtafuta Nikodemo mwenyewe katikati ya watu. "Nikodemo! Ni wewe niliyekufuta!"

"Asante, Mzee," Nikodemo akasema, na banda zima likaangua kicheko.

Aliyekuwa hacheki ni Mama Ketrina. Alisubiri watulie.

"Macho yake mazima, tumefurahi. Na ndoo zangu kumi na tatu?"

Mmoja akapendekeza kila nyumba imtolee ndoo. Akakataa kabla hajamaliza kusema. "Sitaki kahawa ya huruma, imechanganyika na mbichi. Namtaka huyu." Akaninyooshea kidole. "Mikono miwili, kila asubuhi, mpaka mti wangu wa mwisho. Na awe anaongea. Siwezi kuchuma na bubu."

Mama akasema sawa kabla yangu.

Mzee bado ni katibu. Hakuna hata aliyekumbuka kuuliza.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada Mzee hakunisemesha. Alinishika kichwa tu kwa kiganja, kama anayepima tikiti, akaenda zake. Nimelia chooni.

Jumanne, 15 Julai

Mama Ketrina anachuma kwa mikono yote miwili kama anayekamua ng'ombe. Mimi moja inashika tawi, moja inachuma. Amenicheka mpaka saa nne.

"Ongea."

"Niongee nini, mama?"

"Nitukane hata. Miti inasinzia."

Jumamosi, 19 Julai

Mzee ameniomba kitu. Anataka Futa iondoke. Nimeiondoa. Mahali pake sasa pana kitufe kinachoitwa Piga Mstari, na kando yake Rejesha. Ukipiga mstari, jedwali linakuuliza nani amesema na kwa nini, na haliendelei mpaka uandike. Brenda ameona kutoka Tunduma, akanitumia ujumbe: "Nani kakufundisha hii? Naichukua kwa malori yangu." Nikamjibu, Mzee Anania. Na nikamwambia kwamba lile swali la Jumatano halikuwa la kawaida, na kwamba iliharibu. Akajibu kwamba alijua, siku ile sauti yangu iliiomba hewa radhi mara mbili.

Ijumaa, 25 Julai

Sasa nachuma kwa mikono miwili.

Jumanne, 29 Julai

Mama Ketrina amechukua kidogo ile kahawa iliyochacha, ameikaanga kwenye chungu, akaitwanga, akaichemsha. Tulikaa jikoni kwake, mvuke ukijaa. Hapa kijijini sote tunalima kahawa na tunakunywa chai, kwa hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuonja ya kwetu.

"Ikoje?"

"Mbaya, mama."

"Mbaya sana," akakubali. Tukainywa yote. Aliniambia aling'oa miti ya mumewe kwa sababu ilizeeka, si kwa sababu alimsahau, na kwamba alipokuwa akiing'oa alikuwa akiimba ili majirani wasimsikie akilia. Nilikuwa miongoni mwa waliosikia wimbo na kusema ana moyo mgumu. Nimemwambia hilo. Akanimiminia kikombe kingine, kama adhabu.

Jumapili, 10 Agosti

Upepo. Vichanja vya kuanikia kahawa vimefunikwa mara mbili leo.

Jumamosi, 16 Agosti

Mti wa mwisho wa Mama Ketrina. Ameniachia tawi moja nilimalize mimi. Zamu yetu ilikuwa saa tisa, namba mbili, na mstari wake ulikuwapo.

Jumanne, 19 Agosti

Mashine inaoshwa wiki hii, kisha msimu umekwisha. Kuna jambo la mwisho.

Tangu ule mkutano Mzee Anania hajali miwani. Anaiacha nyumbani makusudi, kwa kuwa kikundi kizima kilitangaza kwamba macho yake hayana kosa. Nilitangaza mimi. Lakini nakumbuka kile kitabu cha nyimbo. Na nimemwona akiinamia laptopu mpaka pua inakaribia kubonyeza Hariri.

Mwezi wa tisa Mama Ketrina anakwenda Vwawa kwa daktari wa macho, na nimemwomba Mzee amsindikize, mama wa watu asisafiri peke yake. Amekubali kwa fahari. Akishafika pale, daktari atajua la kufanya.

Mpaka hapo, kila baada ya siku mbili nimekuwa nikiongeza ukubwa wa herufi kwenye jedwali lake. Kidogo sana, asigundue. Sasa majina yamenenepa, vitufe vinakaribia kujaa mstari, na mwezi wa saba ningeona aibu kumwonyesha mtu ukurasa wa namna hii.

Leo aliwaita Gibson na Baba Danieli kibandani. Akasimama hatua mbili nyuma ya meza, mikono mgongoni, bila miwani, akasoma orodha ya msimu mzima kwa sauti, nyumba arobaini na mbili, na hata Nikodemo chini ya mstari wake. Hakukosea hata jina moja.

"Mnaona?" akasema. "Yanazidi kuwa makali."

Wewe unayesoma, lile nililokuambia mwanzo, kwamba sikujua kuweka vitufe, mwambie umtakaye, linajulikana mpaka Tunduma. Ila hili la herufi nimekuambia wewe tu. Ukipita huku na ukamkuta kibandani, msalimie, mwache akusomee. Usimwambie.